Nilichokikuta tumboni

Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, saa tatu asubuhi, nyuma ya ghala la Mzee, mwenye ardhi ninapowinda. Kulungu jike alikuwa amening'inizwa kwenye tawi la mwaloni, ngozi imeshashushwa hadi mabegani. Matumbo nilikuwa nimeyatoa kule kule shambani, lakini Mzee ana desturi yake: tumbo kubwa, lile la kucheulia, haliachiwi tai mpaka lipasuliwe na kuangaliwa. Akanipa kisu kidogo. Nikalilaza juu ya ubao, nikachana.

Ikatoka harufu kali ya utomvu, kama penseli iliyochongwa sasa hivi.

Mzee hakusema kitu. Alichota konzi moja, akaisuuza kwenye ndoo, akaitandaza. Vijani vya magamba magamba, vimefifia rangi. Vipande vya mpungate na mbegu zake ngumu. Punje chache za mahindi, nzima. Maganda mawili matatu ya tunda la mwaloni. Nikawa navitenganisha kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja. Fiwi nilijua hamna, ilishaisha tangu Agosti. Nilikuwa natafuta oti, zile nilizopanda Septemba.

Nilipata nyuzi nne.

"Wanakula ule mti wakikosa kingine," Mzee akasema, akionyesha vile vijani. Watu wa huku Texas, Marekani, wanauita mwerezi, lakini ni ndugu kabisa wa mtarakwa wetu wa milimani. Mbuzi mwenye shibe haugusi. Kulungu mwenye shibe pia haugusi.

Hii ni wiki ya tano tangu siku ile. Naendesha lori usiku, Fort Worth hadi Amarillo na kurudi, na barabara ile ndefu inampa mtu muda wa kubishana na nafsi yake. Tangu Mei nililima, nikapanda, nikavuta maji kwa ajili ya wanyama wale. Na yule niliyempiga, hatua mia moja tu kutoka kwenye kishamba changu, alikufa na chakula cha njaa tumboni.

## Dungu

Nimezaliwa Kongwa, mkoani Dodoma. Anayeijua Kongwa hahitaji kuelezwa ukame.

Shamba la mama lilikuwa la mtama na uwele, kunde katikati, fiwi zikitambaa juu ya miiba ya boma. Katikati ya shamba lilisimama dungu: nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi. Nimekulia juu ya lile dungu. Alfajiri tulikuwa tunaamia ndege, kwelea kwelea wanaposhuka kama moshi juu ya mtama. Usiku tulikesha kwa ajili ya nguruwe na nungunungu. Debe, kombeo na koo langu, hizo ndizo zilikuwa silaha. Kazi yangu yote ya utoto ilikuwa kuhakikisha mnyama hali tulichopanda.

Kwa hiyo Mzee aliponionyesha kibanda chake cha kuwindia, sanduku la mbao juu ya nguzo nne za chuma, kinatazama kipande cha ardhi cha ekari mbili, nilimwambia kwamba hiki nakijua, nimelelewa ndani yake. Akaniuliza kwetu tunawinda nini.

Nikamwambia hatuwindi. Tunafukuza.

Na nyama pori kwetu lilikuwa neno la kunong'ona. Mnyama alikuwa wa serikali. Akila shamba lako ni hasara yako, ukimla wewe ni kesi. Huku Texas kulungu wa porini ni mali ya watu wa jimbo, lakini karibu asilimia 95 ya ardhi ina mwenyewe, na bila ruhusa yake huingii. Mwenye ardhi ndiye anayeamua nani awinde, na ndiye anayeamua kupanda au kutopanda. Mzee ana ekari mia na tisini katika wilaya ya Comanche, mwendo wa saa mbili kutoka ninapoishi. Magoti yake yamechoka. Mikono yangu ni mizima. Tukapatana hivi: mimi nifanye kazi za shamba, yeye anipe nafasi ya kuwinda.

Kitu kilichonitikisa zaidi kilikuwa mbegu. Tuliingia duka la pembejeo pale mjini, akachukua gunia la kwanza, nikalifungua mdomo kutazama. Kunde. Gunia la pili, fiwi. Fiwi zile zile, nyeusi zenye ule mstari mweupe pembeni, ambazo Wakikuyu wanaziita njahi na kuwapikia wazazi, na ambazo Arusha mtasikia zinaitwa ngwara. Kunde zilivuka Atlantiki pamoja na watu waliofungwa minyororo, zikawa chakula cha Kusini yote ya Marekani. Fiwi zilikuja kwa njia nyingine, baadaye, na watafiti wa chuo kikuu cha Texas A&M kule Overton wakazifanyia kazi mpaka wakatoa aina wanayoiita Rio Verde, iliyochaguliwa kwa sababu inastahimili kuliwa ikachipua tena.

Nilisimama pale dukani nikiwa nimeshika fiwi kiganjani, na aliyekuwa akinunua alitaka ziliwe na wanyama.

Zote.

## Mvua ya kudanganya

Kwa mwaka Comanche hupata mvua ya karibu milimita 700. Kongwa haifiki huko. Lakini Kongwa tunajua mlango wa mvua ni upi. Ikishaingia Desemba, mkulima ana miezi yake. Huku inaweza kunya vizuri Mei, kisha mbingu zikafungwa mpaka Septemba, na joto likapita nyuzi 38 siku baada ya siku huku upepo wa kusini ukinyonya kila kilichobaki. Mwaka 2022 uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulikaa siku 67 bila mvua ya kupimika. Nilikuwa mgeni bado. Nilidhani ndivyo ilivyo kila mwaka, nikawahurumia watu hawa.

Mzee ana fimbo ya chuma yenye mshikio wa kukingama. Anaisukuma ardhini kwa uzito wa mwili. Penye unyevu inazama, penye ukavu inagota, basi. Mama yeye anakunja udongo ngumini na kuufungua mkono: ukibaki donge, panda, ukimwagika, rudi nyumbani. Katikati ya Mei nilifanya yote mawili. Fimbo ilizama mpaka juu ya goti. Donge lilikaa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Mzee alitaka tupande bila kulima, juu ya mabua ya ngano ya majira ya baridi. Mimi nilitaka shamba safi. Nilitaka lile jembe la sahani lipite mara mbili, udongo uwe laini, mtu akipita barabarani aone kazi imefanyika. Na mimi ndiye ningepaswa kujua zaidi, maana kwetu Dodoma wazee walikuwa na kuberega, kupanda bila kutifua ardhi, na sisi watoto wa shule tulikuwa tukiona ni uvivu. Pia nimekulia kwenye ardhi ya Mradi wa Karanga. Waingereza walileta Kongwa matrekta baada ya vita, wakachana ardhi kwa maelfu ya ekari, jua likaigeuza tofali, na mwaka 1951 walikuwa wameshakata tamaa. Babu aliwahi kuendesha moja ya mitambo ile. Hadithi hii ninayo toka tumboni.

Hata hivyo nililima.

Kwa bahati trekta liliharibika kabla sijafika kwenye kishamba cha pili, kile cha nusu ekari. Pale nikalazimika kupanda juu ya mabua, kwa mti wa ncha, shimo kwa shimo, kama nyumbani.

Mwisho wa Juni ilinyesha mvua ndogo, milimita nane labda. Mvua ya namna hii ni ya kuogopwa kuliko kukosekana kabisa. Mbegu iliyolala kwenye vumbi kavu inaweza kungoja wiki nyingi. Mbegu iliyodanganywa ikaamka haina pa kurudi. Zile fiwi nilizozirudishia kwenye mapengo ya shamba kubwa ziliamka zote. Baada ya siku sita zilikuwa nyuzi za kahawia.

Siku hiyo hiyo nilivuka kwenye kishamba kidogo nikafunua mabua kwa mkono. Vidole viwili chini, udongo ulikuwa mweusi na baridi.

## Lita laki moja

Julai nilianza kubeba maji. Mzee alinikataza, kwa upole, kisha akaniacha nijionee.

Nilikuwa na tangi la plastiki la lita elfu moja, saizi ya simtanki ndogo, juu ya trela. Nilijaza kwenye bwawa, nikavuta, nikamwagilia mistari kwa mpira, nikarudi. Safari moja ilichukua dakika hamsini. Jumamosi ya kwanza nilikwenda safari saba na nikaona nimefanya jambo kubwa.

Usiku nikapiga hesabu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya ekari moja ni kama lita laki moja za maji. Matangi mia moja. Kwa ekari mbili, mia mbili. Mimi nilikuwa nimemwaga saba, na jua lilikuwa limeshachukua nusu yake kabla ya magharibi.

Nililia kidogo pale, nasema kweli. Mgongo uliuma, lakini hilo lilikuwa dogo. Jioni ile jike alikuwa ametoka bondeni na mtoto wake mwenye madoadoa, mbavu zake zinahesabika, akasimama kwenye ule udongo niliotoka kuulowesha akaanza kuulamba. Kulungu wa huku huzaa Mei na Juni. Ukame wa kiangazi unamkuta mama akinyonyesha, wakati mwili wake unataka protini kuliko wakati wowote wa mwaka, na majani yamekuwa ngozi kavu.

Nilipendekeza tuongeze mahindi. Kuna pipa la miguu mitatu pale, lina saa, linarusha punje asubuhi na jioni. Kwa sheria ya Texas inaruhusiwa kwenye ardhi yako. Mzee alikataa, na nikaudhika naye siku mbili nzima. Baadaye alinieleza. Mahindi ni wanga. Yana nguvu, hayana protini ya kumkuza mtoto. Mnyama mwenye njaa akiyavamia kwa wingi, tumbo lake la kucheulia, lililozoea vijiti na majani, linachacha kwa asidi, na wengine hufa wakiwa wameshiba. Halafu kuna ukungu. Aliponitajia sumu ya ukungu wa mahindi sikuhitaji maelezo zaidi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu kwetu Dodoma na Manyara, na kuna nyumba nazijua.

## Duara la waya

Wakati wa kupanda Mzee alinipa kipande cha wavu wa chuma, tukakikunja kuwa duara la upana wa mkono mmoja ulionyoshwa, kimo cha kifua, tukakisimika katikati ya shamba kubwa kwa vigingi vitatu. Sikuelewa. Nilidhani anataka kulinda miche michache ya mbegu.

Nililisahau. Miezi ya joto nilikuwa natazama shamba kutoka kwenye trela, na shamba lilikuwa kahawia.

Agosti, wiki ya pili, nikalifikia kwa miguu.

Ndani ya duara kulikuwa na fiwi. Si nyingi, si nono, majani ya chini yamekuwa njano, lakini zilikuwa hai, zimepanda waya mpaka kiunoni mwangu, majani matatu matatu ya upana wa kiganja. Kunde moja ilikuwa na maua. Udongo ni ule ule. Mvua ni ile ile. Jembe lilipita pale pale.

Nje ya duara, kuanzia kwenye waya wenyewe, hakukuwa na kitu.

Nikapiga magoti. Kulikuwa na visiki vya fiwi, unene wa njiti ya kiberiti, mamia, kila kimoja kimekatwa usawa wa kifundo cha mguu. Nikaking'oa kimoja nikakiweka kwenye mwanga. Sungura akikata shina, anakata mshazari, safi, kama kwa wembe. Kulungu hana meno ya mbele ya juu. Anabana na kuchana, na ncha inabaki na nyuzi nyuzi. Kile kisiki kilikuwa na nyuzi. Nikang'oa cha pili, cha kumi, cha ishirini. Vyote vilikuwa na nyuzi.

Miezi mitatu nilikuwa nimeilaumu mbingu.

Sisemi ukame haukuwepo. Ulikuwepo, na zile fiwi za ndani ya duara zingekuwa mara tatu zaidi kama ingenyesha. Lakini zilikuwa zinaweza kuishi. Zilichokosa ni muda wa kupumua. Porini pakikauka, kila kulungu wa maili nzima anajua mahali pekee penye kijani, na ekari mbili kwa midomo yote ile ni sahani moja kwenye harusi. Kishamba cha mabua hakikubaki na kitu pia, tofauti yake ilikuwa kwamba kiliwalisha wiki nne zaidi.

Nilikaa pale mpaka jua likanichoma shingo. Nilifika nimejiandaa kulaumu mvua, mbegu, jembe langu. Sikuwa nimejiandaa kufikiria kwamba kulungu ni wengi mno.

## Mama akauliza

Jumapili hiyo nilimpigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mvua?"

Kwa mama salamu ya pili ni mvua, popote mtu alipo duniani. Nikamweleza yote: fiwi, tangi, duara, yule jike anayelamba udongo. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kujua nilipanda kina gani, na kama fiwi za huko zinapanda juu au zinatambaa. Kisha akanyamaza, nikasikia kuku nyuma yake.

"Kwa hiyo mwanangu, unawapandia. Halafu unapanda juu ya dungu unawavizia."

"Ndiyo mama."

"Wanajua?"

Sikuwa na la kumjibu.

Mzee nilimuuliza swali lile lile, kwa maneno mengine, tukitengeneza uzio. Hakujitetea. Alisema baba yake alipokuwa kijana, kumwona kulungu sehemu nyingi za jimbo lilikuwa jambo la kusimulia mezani. Walikuwa wamewindwa wakakaribia kwisha. Waliobaki walibanwa na funza wa vidonda, yule inzi anayetaga kwenye jeraha bichi, hata kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa jana. Kisha kuanzia miaka ya 1960 wataalamu wakamwondoa funza yule kwa kumwaga angani madume tasa, mamilioni. (Ndiyo njia ile ile iliyoondoa mbung'o Unguja miaka ya 1990.) Ng'ombe wakapona. Kulungu pia wakapona, na mbwa mwitu walikuwa wameshauawa zamani. Leo Texas ina kulungu hawa zaidi ya milioni tano.

"Kila tulichoondoa kilikuwa kinapunguza midomo," alisema. "Kazi hiyo imebaki kwetu, na sisi tunapenda kupiga madume yenye pembe kubwa tu."

Akanionyesha daftari lake. Kila jike aliyepigwa pale, uzito wake baada ya kutolewa matumbo, umri kwa meno ya taya, mafuta ya figo. Ukurasa kwa ukurasa, na miaka ya majike wachache kupigwa inafuatiwa na miaka ya uzito kushuka. Ni daftari la shule, lenye picha ya farasi.

Nilimwamini. Bado sikutaka kumpiga jike.

## Septemba, kwenye vumbi

Kuhusu oti nitasema kwa kifupi. Tulizipanda katikati ya Septemba kwenye vumbi, bila kulima safari hii, kina cha kifundo kimoja cha kidole ili mvua ya kudanganya isizifikie. Hilo lilikwenda sawa. Mvua ya kweli ilikuja mwanzo wa Oktoba, zikaota kwa siku tano, nikampigia Mzee simu nikipiga kelele kama mtoto.

Wiki iliyofuata viwavijeshi wakaingia. Ni wale wale wa Amerika ambao mwaka 2016 walifika Afrika na mwaka uliofuata wakala mahindi ya kaka yangu. Niliwatambua kwa ile alama ya Y iliyopinduliwa usoni. Kilichobaki kilikatwa na kulungu kabla hakijafika kimo cha kidole.

Nyuzi nne nilizozikuta tumboni zilitoka hapo.

## Jike

Asubuhi ile walitoka sita, majike na watoto. Nilikuwa kwenye dungu tangu saa kumi na moja. Baridi ilikuwa imeingia kwenye mbao.

Hawakula kwa utulivu. Walikuwa wanapita juu ya oti zile fupi wakisukumana. Mkubwa anamtandika mdogo kwa kwato za mbele, mdogo anasogea, anainama, anatandikwa tena. Nilikuwa sijawahi kutazama kwa muda mrefu hivyo bila kutafuta pembe. Watoto wa mwaka ule hawakupata hata dakika moja ya kula. Mmoja alikwenda pembeni akajinyoosha kwenye mtarakwa akaanza kung'ata.

Nilichagua jike mkubwa, asiyefuatwa na mtoto. Nilihakikisha hilo kwa nusu saa nzima. Mkono haukutetemeka, na hilo nalo limenisumbua baadaye. Alikimbia hatua kama thelathini akaanguka.

Nilimfikia, nikasema bismillahi, ingawa kwa sheria ya dini yetu nilipaswa kuisema kabla ya risasi, na niliisema kabla pia. Nikajaza kibali, nikakifunga mguuni. Kisha nikakaa chini karibu naye. Masikio yalikuwa na kupe wengi. Kwato za mbele zilikuwa zimelika kwa kuparua ardhi.

Kwenye mzani alikuwa kilo 31. Meno yalisema miaka minne na nusu, umri wa kulungu jike kuwa katika ubora wake. Kwenye figo, mahali ambapo mnyama mzima wakati huu wa mwaka hufunikwa na mafuta meupe, palikuwa na utando mwembamba tu. Mzee aliandika kwenye daftari bila kutamka. Halafu akanipa kile kisu kidogo.

Nyama nimegawana na familia mbili za Wakongomani ninaosali nao. Mguu mmoja tuliubanika, mwingine ulipikwa na nazi. Mama mmoja wa Uvira aliniuliza kama nitaleta tena, akasema watoto hawakubakiza.

## Jana

Jana ilikuwa Mwaka Mpya. Mke wa Mzee alinialika. Huku Kusini tarehe mosi Januari lazima ule kunde, ndio mwanzo mwema wa mwaka. Alizipika na kitunguu na pilipili, akanipa bakuli bila nyama ya nguruwe kwa sababu anakumbuka. Nilikula kunde za mama yangu mezani kwa watu wale, na kwa muda nikashindwa kuongea.

Baada ya chakula Mzee alisema nikatazame duara.

Nikamwambia nililiondoa. Akasema si lile. La pili.

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Agosti, siku ile ya visiki, alinifanya nisimike duara lingine ndani ya msitu, chini ya mialoni, mahali ambapo hatukuwahi kupanda wala kulima. Niliona ni kupoteza waya.

Nje ya lile duara chini palikuwa peupe, majani makavu na mavi ya kulungu. Kulikuwa na kichipukizi cha mti wanaouita elmu, kinanifika kwenye kifundo cha mguu, shina nene kama dole gumba. Nilikigusa kilele: kimekatwa, kikachipua, kikakatwa, kikachipua, vifundo juu ya vifundo, kama mkono wa mzee. Mzee anakadiria kina miaka minane au tisa.

Ndani kulikuwa na vichipukizi saba vya elmu vyenye ncha zao. Mtambaa wa miiba, ule kulungu wanaoupenda kuliko fiwi yoyote, ulikuwa umefika gotini na majani yake bado mabichi, Januari. Na chini kabisa kulikuwa na mimea midogo ya kijani iliyolala kwenye udongo kama sahani, aina nne nilizoweza kuzitofautisha. Majina Mzee alinitajia na nimeandika mawili tu. Hakuna aliyeipanda. Ilikunywa mvua ile ile ya Oktoba.

Nimerudi Fort Worth usiku. Mezani nina karatasi ya oda ya mbegu za Mei, fiwi kilo ishirini, kunde kilo hamsini, nimeshaijaza tangu Desemba. Sijaituma. Nafikiri nitapanda kile kishamba kidogo tu, juu ya mabua, na ekari mbili nizizungushie uzio miaka miwili nione zitaota nini zenyewe. Mzee anasema tukate mitarakwa michanga upande wa bonde, jua lifike chini.

Msimu unafungwa Jumapili hii. Mzee ana nafasi ya majike wawili zaidi. Kesho naondoka saa tisa usiku, niwe juu ya dungu kabla ya mapambazuko. Nimeshapakia bunduki, maji, na msumeno.